Mtoto alipoziba masikio garini

Baba mmoja wa Mbagala alifunga amplifaya kwenye gari la familia. Kila wakitoka, binti yake wa miaka sita aliziba masikio.

"Anadeka tu," alisema.

"Hadeki, Baba. Hata mimi kichwa kinauma," mkewe alijibu.

Fundi alikuta geini imezungushwa hadi mwisho. "Bosi, hii si ya kuongezea sauti. Inalinganisha amplifaya na umeme unaotoka kwenye redio."

Akaishusha kabisa, akapandisha sauti ya redio hadi robo tatu, kisha akaongeza geini taratibu. Muziki ulipoanza kukwaruza, akairudisha nyuma kidogo.

Ukawa safi. Lakini hata sauti safi ikizidi huumiza. Kikomo kinachopendekezwa kwa mtu mzima kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Zikiongezeka 3, muda huo hupungua nusu. Chembechembe za kusikia zikifa, hazioti tena.

Safari iliyofuata, baba alipunguza redio, akatazama kioo. Mikono ya binti ilikuwa mapajani. Alikuwa anaimba, na wote walimsikia.