Chewa Watatu Ambao Sikuwaona

Leo nina jambo la kuungama. Niliandika uwongo chini ya maji.

Usicheke kwanza. Sisi tuliolelewa karibu na Liwatoni tumekua kwa samaki. Baba yangu alikuwa kuli pale, akishusha samaki kutoka vyombo vya uvuvi, na hadi leo, ingawa amestaafu, mazungumzo yake hayatoki baharini. Wengi wenu mnalijua jina la Liwatoni kwa sababu ya lile daraja la kuelea la waendao kwa miguu, lililofunguliwa mwaka 2021 kuelekea Likoni. Kwetu sisi Liwatoni ni harufu.

Jioni tukikaa barazani, Baba huanza wimbo wake. "Mwanangu, zamani chewa walikuwa kama ndama. Leo wako wapi?"

"Zamani walikuwa wangapi, Baba?"

Hunitazama kama niliyemuuliza idadi ya nyota. "Wengi!"

Basi neno hilo "wengi" lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikajiunga na wapiga mbizi wa mwisho wa wiki: mwalimu wa shule, karani wa benki, wanafunzi wawili wa chuo. Watu hawa huingia majini kwa starehe yao, lakini hubeba kibao cha plastiki na penseli, kwani penseli huandika hata chini ya maji. Kule Nyali, kwenye miamba ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1986, wao hutandika kamba ya kupimia, wakaogelea polepole kandokando yake na kuhesabu kila samaki aliye ndani ya mita 2 na nusu kila upande. Mtindo wa namna hii wa kuwatumia wapiga mbizi wa kujitolea ulienea duniani tangu miaka ya 1990, ulipoanzishwa mpango uitwao Reef Check.

Utauliza, samaki wanahesabiwa kwa faida gani? Hebu mchukue kikande. Huyu hula mafuma, wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi wanaotuchoma miguu. Watafiti waliokuwa wakihesabu hapa Kenya tangu miaka ya 1980 waligundua kwamba kikande akivuliwa kupita kiasi, mafuma huzaana na kuutafuna mwamba wenyewe. Tena bahari ilipopata joto mwaka 1998 na matumbawe mengi ya pwani yetu yakafa, hasara iliweza kupimwa kwa sababu kulikuwa na watu walioandika hesabu kabla ya msiba. Bila hesabu ile tungebaki na "wengi" wa Baba.

Kuna na jambo la wageni. Simama Liwatoni utazame meli zikiingia Kilindini. Meli isiyo na shehena hujaza maji tumboni ili isiyumbe, na ikifika bandari ya kupakia huyamwaga, pamoja na mayai na vijidudu vya bahari ya mbali. Ndiyo maana ukafanywa mkataba wa kimataifa mwaka 2004, ukaanza kutumika mwaka 2017. Mgeni wa aina hii hana bendera kichwani. Huonekana na yule aliyezoea mahali, anayeweza kusema, "Huyu jana hakuwapo," akampiga picha na kuipeleka kwa wataalamu kama wale wa KMFRI. Wataalamu ni wachache na bahari ni pana.

Wamombasa hatuhitaji kuhubiriwa juu ya wageni. Kunguru hawa wanaotunyang'anya mandazi mkononi walionekana mjini petu miaka ya 1940. Leo nani atawatoa? Wenzetu nao wamepatwa na balaa la namna hii. Yule samaki simba mwenye mapezi kama manyoya na miiba ya sumu, ambaye kwetu ni mwenyeji mwenye adabu zake, alionekana Florida, Marekani, mwaka 1985, na tangu hapo amevamia bahari ya Karibi akiwala vifaranga wa samaki wengine. Huko wapiga mbizi wa starehe wamekuwa macho ya watafiti, na mikuki yao pia.

Sasa uwongo wangu. Siku ya tatu ya kuhesabu tulikuwa nje ya hifadhi, mahali panapovuliwa. Nilimaliza kamba nzima. Safu ya chewa ilikuwa tupu. Nikamkumbuka Baba na ndama zake, nikaona haya, kama kwamba nilikuwa naandika kwamba ameota. Nikaandika 3.

Kwenye mashua, dada aliyekuwa akitusimamia alilinganisha vibao. Mwenzangu, aliyepita kamba ile ile dakika chache nyuma yangu, alikuwa na sufuri. Dada hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Walikuwa wakubwa kiasi gani?" Jasho likanitoka ilhali nimelowa maji. Nikanyamaza. Akachukua kifutio na kunipa nifute mwenyewe. "Mvuvi akiletewa karatasi hii," akasema, "ataamini kwamba chewa bado wapo. Ataendelea kuvua."

Jumapili iliyofuata nilimwambia Baba yote, na uwongo wangu pia. Nilitarajia akasirike kwa ile sufuri. Alikaa kimya kirefu, akaomba miwani yake na picha nilizopiga. Akazipitia moja moja, akilitaja kila jina kimoyomoyo. Kwenye picha ya tano alisimama, akagonga kidole.

"Hapa umeandika changu. Huyu si changu, mwanangu. Changu ana mdomo mrefu. Futa."