Kusimama kila asubuhi

Nilipotea, kazi zilinibana. Leo nina kisa.

Shirika ninalofanyia kazi (jina tuliache, mshahara bado nauhitaji) ni kubwa. Kwa miaka miwili tulikuwa na vikao na majalada manene kuhusu mfumo mpya wa kuhariri habari, lakini mfumo wenyewe hatukuuona. Ndipo wakubwa wakatangaza kwamba sasa tunafuata ajaili. Kazi inakatwa vipande, kila wiki mbili mtumiaji anaonyeshwa kitu kinachofanya kazi, na kila asubuhi timu inasimama dakika 15, kila mmoja anasema amefanya nini, atafanya nini, amekwama wapi.

Mimi nikawekwa kuwakilisha waandishi. Basi, asubuhi zote hizo hakuna aliyekwama! Bosi alikuwa anasimama nasi. Nani atasema "nimekwama" mbele ya anayesaini mkataba wake?

Siku ya maonyesho nilituma habari kwa simu, ikapotea. Ukweli ni kwamba nilijua. Kijana aliyeandika sehemu ile alishaninong'oneza kwamba ina kasoro, nami nikanyamaza. Mkataba wake ulipokwisha, haukuongezwa.

Kuna kisa cha FBI ya Marekani ambacho wapenzi wa ajaili hupenda kukisimulia. Mwaka 2005 waliutupa mfumo wa Virtual Case File baada ya kuteketeza dola milioni 170 hivi. Wakaanza mwingine mwaka 2006, Sentinel, nao ukasuasua. Mwaka 2010 wakauchukua mikononi mwao, wakaunda timu ndogo iliyofuata ajaili, na Julai 2012 ukaanza kutumika. Sisi tulinakili ubao na vikaratasi vya rangi. Tulichosahau ni kwamba kuonyesha kazi kila baada ya wiki chache hakusaidii kitu kama watu wanaogopa kutaja kasoro. Wale watu 17 waliokutana Utah mwaka 2001 na kuiandikia ajaili misingi yake waliwatanguliza watu mbele ya taratibu na vifaa.

Juzi nilisimama nikasema: "Nimekwama. Na ile kasoro niliijua, nikanyamaza." Bosi aliniangalia, kisha akasema tuendelee. Jana wengine wawili nao wamesema wamekwama.

Kiti cha yule kijana bado kiko wazi. Sijapata ujasiri wa kumpigia simu.

Je, huko kwenu mnasema ukweli, au mnasimama tu?