Vita vya Leuthen mezani kwa kogo

Wale mnanijua kwa video za chai na mvua ya Konoin, leo mnivumilie. Nataka tuongee kuhusu mchezo, na usicheke kabla sijamaliza.

Kila Jumamosi usiku mimi na bro wangu tunapigana vita vya Ulaya vya karne ya 18. Mimi niko Mogogosiek, yeye yuko Doha, analinda lango la jengo fulani. Aliondoka baada ya mashine za kuchuna chai kuchukua kazi yake kwenye shamba la kampuni moja huku kwetu. Simu zetu za kwanza zilikuwa mateso. "Umekula?" "Nimekula." "Joto je?" "Ni jingi." Halafu kimya, na bando inaisha. Wanaume wa kwetu hatujui kuongea kwa simu kama hakuna ng'ombe wa kujadili.

Ndio nikapata mtandaoni sheria za mchezo wa vita wa mezani, za bure. Watu wenye pesa hucheza na visanamu vya askari vilivyopakwa rangi hadi vifungo vya koti. Sisi tuna maharagwe. Mekundu ni Prussia, meusi ni Austria. Vifuniko vya soda ni mizinga, vijiti vya chai ni msitu, na vilima ni vitabu vya shule vilivyofunikwa kwa shuka kuukuu. Mwendo tunapima kwa futi ya fundi wa nguo, dadu inaamua nani amepigwa.

Sista yetu mdogo ndiye refa, na ni refa mkali. Hiyo si akili yetu, ni ya zamani: mwaka 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha mchezo ambao refa anajua yote, na kila mchezaji anaambiwa tu kile ambacho askari wake wangekiona. Kwa hivyo sista anabaki sebuleni na meza. Anapiga picha ya sehemu ambayo bro anaweza kuona, anamtumia. Mimi nimefukuzwa jikoni kwa kogo, nasubiri picha yangu kama mtu anayesubiri bonasi ya majani.

Vita vyetu vya kwanza vilikuwa Leuthen, 5 Desemba 1757. Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia alikutana na jeshi la Austria lililomzidi sana kwa idadi. Akajifanya anakuja upande wao wa kulia. Waaustria wakakimbiza akiba yao huko. Kumbe jeshi lake kubwa linapita nyuma ya vilima vifupi, likatokea kushoto kwao. Mtu wa Konoin hahitaji mwalimu hapa. Ukiwa katikati ya chai, gari zima linaweza kupita nyuma ya kilima cha pili na usilione, unasikia tu mlio.

Bro hakuwa amesoma hiyo stori. Akatuma maharagwe yake yote mazuri kulia. Alipoona picha iliyofuata alilaani kwa Kipsigis dakika nzima, halafu akacheka. Kicheko chenyewe, ile ya zamani. Sikuwa nimeisikia tangu apande ndege.

Usiku huohuo kogo akaenda sebuleni na birika, nami nikamfuata. Akasimama juu ya meza. Kijiji cha Leuthen nilikuwa nimekitengeneza kwa viberiti, na kanisa katikati, maana mapigano makali yalifanyika kwenye uwanja wa kanisa lile.

"Hapa ni nyumbani kwa watu?"

"Ndiyo kogo, ni kijiji."

"Na wenyewe wako wapi?"

Manze. Sheria zina kurasa nzima za mizinga, matope na farasi waliochoka. Kijiji ni ukuta tu wa kupunguzia mtu mwendo. Na anayeuliza ni kogo, ambaye alizaliwa Gwassi. Wazee wake ni Talai, ukoo ambao serikali ya kikoloni iliuhamisha kwa sheria ya 1934, ikawapeleka kwenye joto na malaria kando ya Ziwa Victoria. Walianza kuruhusiwa kurudi uhuru ulipokaribia, na kufikia wakati huo vilima walivyoviacha vilikuwa na chai ya watu wengine.

Sasa mnaniuliza, mbona Wazungu? Si mcheze vita vyetu? Nilijaribu. Nilichora ramani ya Nandi ya 1905, nikaanza kuandika sheria. Nikafika tarehe 19 Oktoba, siku Koitalel arap Samoei alipokuja kukutana na Meinertzhagen kwa mazungumzo ya amani, akapigwa risasi hapo hapo. Hiyo unairushia dadu ngapi? Bro aliuliza swali moja tu: "Nani atacheza ule upande mwingine?" Hakuna aliyejibu. Karatasi nikaipeleka jikoni, ikawasha moto.

Kwa hivyo sikubali ukiniambia napenda Wazungu. Leuthen inachezeka kwetu kwa sababu hakuna mtu nyumbani anayeililia. Lakini pia sikubaliani na bro anayesema ni maharagwe tu. Kile kijiji kipo mpaka leo, kiko Poland, kinaitwa Lutynia. Huenda kuna nyanya huko ambaye angeitazama meza yetu na kuuliza vilevile, na kuna kijana Ulaya ambaye angecheza 1905 bila shida yoyote, akinywa chai ya Kericho.

Mchezo hatujaacha. Ni ndiyo inafanya bro apige simu bila kuombwa. Ila sista ameongeza sheria yake: maharagwe meupe. Yanakaa kwenye viberiti, na hakuna anayeruhusiwa kushambulia kijiji kabla hajatumia zamu kuyatoa. Bro alilalamika sana, ati yanamchelewesha, na kweli yanamchelewesha, wiki iliyopita yalimpotezea vita. Jana stima ilipotea katikati ya mchezo, mvua ya Konoin mnaijua. Iliporudi, nilikuta ujumbe wake mmoja kwenye simu.

"Mwambie sista sijamaliza. Kuna wawili bado wako kanisani."