Nilivyomhamisha Mpangaji Aliyekuwa Akinifanyia Kazi Yangu

Nimesimamia nyumba za kupangisha Dar es Salaam kwa miaka mingi, zaidi Sinza na Kijitonyama. Kosa ninaloliungama hapa sikulifanya kwa kughafilika. Nililipigia hesabu kabla ya kulitenda, na hesabu ikanipendeza.

Kwanza nieleze tunavyolipwa, maana kosa lenyewe limo humo. Wengi wetu hatuna mshahara. Tunakata fungu katika kodi tunayokusanya, na mimi nilikuwa nakata asilimia 10. Ghorofa ninayoizungumzia ina wapangaji wanane, na wakati ule kila mmoja alilipa 400,000 kwa mwezi. Fungu langu likawa 320,000. Kwa hela hiyo nilitakiwa kukusanya kodi, kumwita fundi bomba, kuleta gari la maji taka chemba inapofurika, kugawa bili ya maji, kusuluhisha magomvi ya kelele na maegesho, na kumpelekea mwenye nyumba mahesabu. Mwenye nyumba anaishi Muscat. Nyumba yake alikuwa akiiona kwa picha nilizomtumia WhatsApp.

Lakini riziki yetu ina mlango wa pili. Mpangaji mpya akiingia, hutoa udalali wa kodi ya mwezi mmoja. Dalali na mimi tuligawana nusu kwa nusu. Maana yake ni kwamba mpangaji aliyetulia alinipa 40,000 kwa mwezi, na akihama, yule anayemrithi ananipa 200,000 siku moja. Miezi mitano ya kazi naipata kwa kukabidhi funguo. Mwenye nyumba hakulijua hilo, wala sikumwambia.

Ghorofa ya kwanza alikaa mama mmoja mshonaji, mtu mzima kunizidi. Kodi yake haikuwahi kuchelewa. Alikuwa na daftari la shule, lile la kurasa 80, ambamo aliandika mchango wa maji wa kila mlango, nani katoa na nani bado. Kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU mwaka 2021, aliandika na hiyo, kila mwezi na kiasi chake. Akanionyesha. "Mwanangu, hii si ya mwenye nyumba? Mwambie anirudishie." Nikamjibu nitamwambia. Sikumwambia, kwa sababu sikutaka mwenye nyumba aone gharama ikiongezeka upande wangu.

Mkataba wake ulipokaribia kwisha nilimpigia simu mwenye nyumba nikamwambia bei za Sinza zimepanda, tupandishe iwe 500,000. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo hakuna wa kutuzuia, bei ni makubaliano tu. Nilijua mama hawezi. Nilijua pia kwamba akiondoka, nusu ya udalali ni 250,000. Alinisihi tumwongezee kidogo kidogo, 420,000 kwanza, halafu tuone biashara inavyokwenda. Nikamwambia uamuzi ni wa mwenye nyumba. Uongo. Uamuzi ulikuwa wangu, na mwenye nyumba angenisikiliza kwa lolote nililomshauri.

Akahama. Wiki haikuisha nikaanza kupigiwa simu: simtanki hazina maji. Mtaa ule maji yalikuwa ya mgao, yakija usiku wa manane, na kumbe yule mama ndiye aliyekuwa akiamka kufungua koki na kuwasha mota, kisha anasubiri mpaka matangi yajae azime. Hakuna aliyemlipa. Mimi nilidhani maji yanapanda yenyewe, kwa kuwa sikuwahi kusikia malalamiko. Daftari la michango nalo lilikwenda naye, bili ikawa ugomvi. Watu wakawa wananunua maji ya boza. Wawili wakahama wakinung'unika mlangoni, nami nikapokea udalali mara mbili zaidi. Nilipokea, nikatumia.

Chumba cha mama kilikaa kitupu miezi mitatu. Mwenye nyumba alipoteza 1,200,000 ili apate nyongeza ya 100,000 kwa mwezi, hasara ya kufidiwa kwa mwaka mzima. Mimi nilipoteza 120,000 ya fungu langu na kupata 250,000. Katika watu wote waliohusika na nyumba ile, waliofaidika ni mimi na dalali tu.

Nilimweleza mwenye nyumba yote, kwa simu, nikianzia na udalali. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo msimamizi alikuwa yule mama?" Sikuwa na jibu lingine ila ndiyo. Mama nilimtafuta hadi nikampata, ameweka cherehani yake Mbezi. Nikampa shikamoo, nikaomba radhi. Aliitikia, akaingia ndani, akatoka na lile daftari, akalifungua kwenye kurasa za LUKU. Tulijumlisha pamoja nikamlipa kiasi chote. Kuhusu kurudi Sinza alikataa, na ana haki.

Sasa sichukui udalali. Nimekubaliana na mwenye nyumba anilipe kiasi maalumu, na mwaka ukiisha bila mpangaji kuhama ananiongezea. Kipato changu kimepungua.

Ewe mwenye nyumba, hasa uliye mbali, muulize msimamizi wako anapata nini mpangaji akihama, na akupe jibu kwa maandishi. Kisha piga simu kwa mpangaji wako wa siku nyingi, umuulize nani anawasha mota.