Chumba cha Akiba Katika Nyumba ya Kipemba

Katika kisiwa chetu cha Pemba, ambacho Waarabu wa zamani walikiita Kisiwa cha Kijani, mvua ni rafiki wa shamba na adui wa ghala. Wengi wetu twalijua jambo hili, walakini tukijenga nyumba twafikiri kwanza ukumbi wa kupokelea wageni, na chakula twakipa pembe yoyote iliyobaki, aghalabu ile yenye giza na unyevu. Basi, wapenzi wasomaji, twataka kusema machache juu ya chumba cha akiba.

La ajabu ni hili, kwamba Wapemba ni watu waujuao unyevu sana. Mwenye karafuu hazitii guniani mpaka amevunja moja na kuisikia ikilia. Huona haya kupeleka mpeta mbele ya mnunuzi. Lakini mtu yule yule, mpunga wake ukinyeshewa uani, huuzoa jioni akautia katika kanda, akisema utakauka huko huko. Haukauki. Hupata joto, kisha huota ukungu, na mnunuzi wa mpunga ule ni mtoto wake mwenyewe, asiyejua kukataa.

Kwa mahindi na maharagwe iko njia rahisi ya kupima. Twaa chupa ya kioo iliyo kavu, tia nafaka kiasi cha robo yake, na chumvi kidogo iliyokaushwa vema juani. Funga, tikisa, uiache kitambo. Chumvi ikigandama katika kioo, nafaka ingali na maji. Irudishe juani, wala usiianike juu ya udongo mtupu, bali juu ya jamvi.

Katika mwezi wa Februari, mwaka 2017, tulifungua gunia la mahindi tuliyoyanunua kwa mfanyabiashara mmoja. Juu yalikuwa meupe. Katikati yalikuwa yameshikamana, yana ukungu wa kijani. Muhogo wetu shambani ulikuwa mchanga bado, na nyumbani tulikuwa watu tisa. Bibi yetu alitaka tuyaoshe, tuyaanike, tuyasage. Alisema, “Wajukuu zangu, njaa haitazami rangi.” Tukamjibu kwa adabu, “Bibi, rangi hutoka kwa maji, lakini sumu haitoki.” Maana mwaka uliotangulia, 2016, watu walikufa huko Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo huharibu ini, na moto wa jikoni hauiondoi, wala jua.

Bibi alinyamaza siku nzima. Hatukumlaumu. Yeye alikuwa mtoto mwaka 1942, Wajapani walipoitwaa Burma na mchele uliokuwa ukiletwa visiwani kutoka huko ukakatika. Aliona njaa ambayo sisi twaisikia katika hadithi tu. Tulichimba shimo tukayafukia mahindi yale, hata kuku hatukuwapa, tukala ndizi mbichi mpaka watoto wakazichukia.

Sasa tueleze chumba chenyewe kilivyo. Ni kidogo, kina dirisha la wavu linalopitisha upepo na kuzuia panya. Chakula hakigusi sakafu wala ukuta: tumeweka kichanja cha boriti kimo cha goti, na kati ya kichanja na ukuta mkono wapita, ili tufagie nyuma yake na kuona mchwa mapema. Mchele na unga vimo katika madebe yenye vifuniko. Kipya huwekwa nyuma, cha zamani huvutwa mbele. Kazi hii twawapa watoto, nao huifanya vizuri kuliko sisi. Kunde na choroko twazichanganya na jivu la jikoni lililopoa na kuchekechwa, nalo huwazuia fukusi. Papa mkavu ananing'inia peke yake katika susu, kwa maana harufu yake haina adabu, huingia katika mchele wa wageni. Chumvi hukaa jikoni karibu na joto. Nazi zisizofuliwa huwekwa kivulini nje. Mafuta ya taa na dawa ya panya havina ruhusa kabisa kuingia chumbani humo.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni ya kale, kwa kuwa mwaka 2010 umeme uliletwa Pemba kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na friji zimekuwa nyingi. Friji ni njema kwa samaki na maziwa. Magunia mawili ya mpunga hayaingii humo.

Imebaki mbegu. Hiyo haimo katika chumba cha akiba. Mahindi ya mbegu yako juu ya moshi, katika uchaga wa jikoni, yamefungwa kwa maganda yake. Na mbegu ya mpunga imo katika kibuyu kikavu kilichozibwa, kikitungikwa hapo hapo juu ya meko. Kibuyu hicho ni cha Bibi, wala hakuna mwingine akishushaye. Katika Februari ile aliketi chini yake kila jioni akimenya ndizi, naye ndiye aliyekuwa tayari kula mahindi yenye ukungu. Lakini juu ya mpunga ule hakusema neno hata moja. Mvua za kwanza zilipoanguka alikishusha mwenyewe, akazimwaga mbegu katika ungo, akazipeta, akatuita twende bondeni.