Mtumbwi wa Bafuni

Dalali alipofungua mlango wa bafu letu hakusema neno. Alisimama pale mlangoni, akatikisa kichwa, halafu akaufunga tena polepole kama mtu aliyekuta maiti.

"Mdogo wangu," akaniambia, "huo mtumbwi wenu unakula milioni tano za nyumba hii. Ung'oeni. Wekeni bomba la mvua la kisasa, marumaru ukutani mpaka juu. Mteja akiingia tu, kwisha."

Ndugu msomaji, mtumbwi aliousema ni lile sinki refu la kuogea, la chuma kizito kilichopakwa rangi nyeupe, ambalo mtu hulijaza maji akalala ndani. Jina hilo halikuwa lake. Mtaa mzima uliliita hivyo tangu siku liliposhushwa kwenye lori. Sisi watu wa ziwani, kitu chochote kirefu chenye tumbo ni mtumbwi.

Baba alilinunua Mwanza mwaka 2017, tena kuukuu. Likavuka na kivuko kutoka Kigongo hadi Busisi, maana daraja tunalopita leo lilikuwa bado, limefunguliwa 2025. Watu walicheka. Baba hakucheka. Miaka ile Chato ilikuwa inaumuka kama unga wenye hamira. Mwana wa hapa hapa, John Pombe Magufuli, alikuwa Ikulu tangu Novemba 2015, na kila ukiamka unakuta kitu kipya kinajengwa: uwanja wa ndege, hospitali, hata taa za kuongozea magari mahali ambapo baiskeli zilikuwa nyingi kuliko magari. Wageni wakaja, nao wanahitaji pa kulala. Baba akapiga hesabu zake: mgeni wa namna hiyo hataki ndoo na kopo, anataka kulala kwenye maji kama anavyoona kwenye sinema.

Akapata kweli mpangaji, mhandisi mmoja mpole, akakaa miaka miwili na nusu. Siku anahama baba akamwuliza kama lile bafu lilimfaa. Yule bwana akainamisha kichwa, akajibu kwa adabu kwamba muda wote alikuwa akisimama ndani yake na kujimwagia kwa kopo.

Tarehe 17 Machi 2021 Rais akafariki, na tarehe 26 akazikwa hapa kwetu. Kilichofuata mtaani kwetu sihitaji kukieleza sana. Vibao vya "nyumba inapangishwa" vilikaa mpaka maandishi yakafutwa na jua. Baba naye akatutoka mwaka uliofuata. Nyumba ikabaki na mama, mimi, na mtumbwi.

Nataka niwe wa haki kwa marehemu baba, lakini hesabu ni hesabu. Kulijaza sinki lile mtu alale vizuri unahitaji kama lita 150, yaani ndoo saba na nusu za lita 20. Bomba la mvua la kawaida hutoa lita nane hadi kumi kwa dakika. Ukioga dakika tano umetumia ndoo mbili, mbili na nusu. Mahali ambapo bomba la mtaa linaweza kunyamaza siku tatu, nani atalala kwenye ndoo saba? Halafu kuna lile ambalo mama alilisema tangu siku ya kwanza: maji ya kuoga ni yale yanayokwenda zake. Kukaa ndani ya uchafu wako mwenyewe, huko si kuoga, ni kujiloweka kama mihogo.

Nimesoma kwamba huko Marekani madalali huwaonya wenye nyumba wasiondoe sinki la mwisho, kwa sababu mnunuzi mwenye watoto wadogo atalitafuta. Kwetu mtoto anaogeshwa kwenye beseni uani, na mnunuzi anatafuta vingine.

Mtumbwi tungeuacha tu kama si mama. Goti lake la kulia halikunji vizuri, na ukingo wa sinki lile unafika juu ya goti langu mimi niliye mrefu. Jioni moja akaupandisha mguu, wa pili ukateleza. Alivunjika kifundo cha mkono. Tangu siku hiyo akawa anaogeshwa na binti wa jirani, mama yangu mimi, ambaye hata baba hakuwahi kumwona akiomba msaada wa kubeba dumu.

Ndipo kaka akaja kutoka Nyarugusu. Ana duara lake kule, na duara linakula: matimba, pampu ya kuvutia maji, posho ya vijana. Akasema nyumba iuzwe, mama akakae kwake Geita, sehemu iliyobaki iwe mtaji. Hakusema kwa ubaya. Ndiye aliyemleta dalali.

"Mkiuza, uzeni," mama alisema. "Ila mimi nioge kwanza."

Kaka akatoa laki nane, mimi nikakopa zilizobaki. Gharama niliziandika nyuma ya daftari la riwaya yangu, na nakiri kwamba kurasa zile zina uhai kuliko za mbele. Fundi alivunja marumaru, tukalitoa sinki watu wanne, na chini yake tukakuta udongo mtupu. Aliyejenga aliona sakafu haina haja mahali pasipoonekana. Tukamwaga zege. Fundi akaniwekea kamba na pimamaji: sakafu ishuke sentimita mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, ikipungua maji yatatuama. Bomba la chini likapindwa libaki na maji kidogo, ili harufu ya shimo isirudi ndani. Marumaru za sakafu tukachukua zenye mikwaruzo, si zile za kung'aa alizozitaka dalali. Hakuna kizingiti, mtu anaingia anavyoingia sebuleni. Ukutani, chuma cha kushikia.

Tulipofungua, maji yakatoka kama mkojo wa mbuzi. Tangi lilikuwa chini mno, na maji ya tangi husukumwa na urefu wake tu. Siku mbili zaidi za kujenga mnara wa matofali.

Mnunuzi alikuja Jumamosi, mfanyabiashara wa dagaa, na ndiye yule yule aliyekwisha kutaja milioni thelathini na nane kabla hatujang'oa chochote. Akauliza hati iko kwa jina la nani. Akauliza mirathi imekwisha. Akapima kwa hatua upana wa njia, kama Fuso itageuka. Uani akaukuta mtumbwi umejaa maji, bata wanaogelea, akacheka sana akauliza kama nao unauzwa. Bafuni alichungulia mara moja, akaniambia, "Pazuri."

Kisha akakaa sebuleni na kutaja bei yake. Thelathini na nane.

Kaka akanitazama. Dalali akatazama dari. Nikasema jambo hili ni la mama, ngoja tumwite, na kaka akaita, "Mama! Mgeni anakusubiri!"

Hakujibu. Tulisikia mlango wa bafu ukifungwa kwa ndani, kitasa kikizungushwa na mkono wake mwenyewe, halafu maji. Binti wa jirani alikuwa amekaa barazani anachambua mchicha, mikono mikavu. Mnunuzi akaomba maji ya kunywa, akanywa, akaweka glasi chini. Kaka akaita tena.

"Nasikia," mama akajibu kutoka ndani. "Mwambie anywe chai."

Nikaenda kuwasha jiko.