Miaka 99 Nayo Huisha



Ndugu msomaji, juma hili twaomba ruhusa tuzungumze jambo la nyumbani kwetu wenyewe. Tumesita kuliandika kwa miezi kadhaa, kwa kuwa lina aibu ndani yake, na aibu yenyewe ni yetu. Lakini kila tulipolitaja mbele ya watu, alitokea mmoja akasema, "Hata sisi." Basi tukaona kunyamaza kutakuwa kosa la pili.

Mwaka 1994 kaka yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinunua fleti ya vyumba vitatu hapa kisiwani Mombasa, katika jumba lenye fleti nane. Siku ya kutia saini alituchukua tuwe shahidi, maana katika ukoo sisi ndio tuliohesabiwa kuwa wasomi. Karatasi zilikuwa nyingi, zote kwa Kiingereza cha mawakili. Tulitia saini pale tulipoonyeshwa, tukaomba dua, tukala halua, tukarejea majumbani. Hatukusoma hata ukurasa mmoja.

Kaka alifariki mwaka 2011, akaacha mke na binti wawili. Mwishoni mwa mwaka 2024 binti mkubwa alikwenda benki, ile isiyotoza riba, kuomba mtaji wa kupanua kazi ya mamake ya kupika vyakula vya harusi. Alitaka fleti iwe rahani. Afisa alizifunua karatasi, akahesabu, kisha akazifunga. Jioni ile, baada ya swala ya Isha, binti alitujia na faili kifuani.

"Ami," akasema, "wameniambia nyumba yetu imebakiwa na miaka mitatu na nusu. Nyumba hubakiwa na miaka vipi?"

Tulikosa la kumjibu. Kesho yake tulimwita kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu na sasa ni wakili, akatusomea karatasi zile neno kwa neno. Ardhi iliyo chini ya jumba lile si milki ya daima. Serikali iliikodisha kwa miaka 99 kuanzia tarehe 1 Julai 1929. Kampuni iliyojenga jumba iliipata muda ukiwa umekwisha kuliwa, nayo ikamuuzia kaka kila kilichosalia, kasoro siku chache. Kwa hiyo alichokinunua mwaka 1994 kilikuwa haki ya kukaa mpaka katikati ya mwaka 2028. Hakuna aliyetuficha. Yaliandikwa yote katika ukurasa wa pili.

Msomaji, hapa ndipo palipotuchoma. Kila mwaka twafundisha mlango wa ijara. Twawaambia wanafunzi kwamba mkodi humiliki manufaa ya kitu, hamiliki kitu chenyewe, na kwamba muda wa ijara sharti ujulikane. Twawakumbusha pia kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani yahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Na sisi tulikuwa shahidi wa ijara huku tukidhani ni ununuzi wa milele.

Wakili alituambia tusikate tamaa, kwa kuwa sheria imefungua mlango. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yampa mwenye lizi, akiwa raia wa Kenya, haki ya kutangulizwa mbele ya wengine muda unapokwisha, ila ikiwa serikali yaihitaji ardhi ile kwa manufaa ya umma. Tume ya Kitaifa ya Ardhi hutakiwa kumwarifu kwa barua ya rejista katika miaka mitano ya mwisho. Lakini barua hiyo huandikiwa mwenye lizi kuu, naye kwetu ni ile kampuni iliyojenga, ambayo wakurugenzi wake wengine ni marehemu na wengine walihama zamani. Kama barua ilitoka, haikuwa na wa kuipokea. Wenye fleti hawakujua lolote.

Tena alitufahamisha kwamba kuomba muda uongezwe kabla haujakwisha ni jambo moja, na kuomba lizi mpya baada ya kwisha ni jambo jingine, na la kwanza ndilo lenye salama zaidi. Kodi ya ardhi lazima iwe imelipwa yote, na kodi za kaunti vilevile. Wapo wenye fleti ambao hawakuwahi kuchangia hata moja kati ya hizo.

Kisha akauliza swali tuliloliogopa: "Sheikh, jina lililo kwenye hati ni la marehemu. Mirathi iligawanywa?"

Haikugawanywa. Na sababu ni sisi. Kaka hakuacha mtoto wa kiume, wazazi wetu walikuwa wametangulia, nasi tulizaliwa wawili tu. Hesabu ya mirathi yajulikana: mke ana thumni, mabinti wawili wana thuluthi mbili, na kinachosalia, sehemu 5 katika 24, humrudia ndugu. Tuliona haya kuitisha kikao cha mirathi, watu wasije wakasema sheikh ameingia na kalamu kumnyang'anya mjane. Tukaiacha miaka 13, tukiita kimya chetu heshima. Lau tungaligawanya mapema, karatasi zingalifunguliwa mapema. Haya yetu ndiyo iliyowaponza.

Tulikwenda Mahakama ya Kadhi, urithi ukathibitishwa, na fungu letu tukawapa mabinti kwa hiba iliyoandikwa. Shemeji alipolisikia hilo alisema neno moja tu: "Ungalisema, shemeji. Nami nilikuwa nakungoja wewe." Hatutalisahau.

Yaliyofuata yalifanywa zaidi na wanawake wa jumba lile. Shemeji aliwakusanya majirani juu ya dari baada ya Alasiri, siku baada ya siku, akiwapelekea mahamri na nakala za karatasi. Mama mmoja wa orofa ya tatu, aliyekuwa mwalimu, alishika daftari la michango. Mwenye fleti aliyeko Maskati alipigiwa simu mpaka akakubali. Deni la kodi lililipwa, wakurugenzi waliobaki wakatafutwa na kutia saini, na ombi likapelekwa. Hadi tunaandika haya, jibu halijafika. Wakili atuambia kwamba muda ukiongezwa, wenye fleti wataweza kuomba kila mmoja hati yake chini ya Sheria ya mwaka 2020 ya majumba ya fleti, ambayo kwa ardhi ya lizi hutaka muda uliosalia usipungue miaka 21. Kwa hiyo kitangulie cha kwanza.

Dada zetu na mama zetu, twawaomba mambo matatu. Fungueni kasha juma hili, mtazame lizi ilianza lini na ni ya miaka mingapi; hesabu yake yafanywa kwa vidole. Tazameni jina lililoandikwa, na likiwa la marehemu, msingoje mwanamume wa ukoo aone haya mpaka muda upite. Mwenye fungu ana haki ya kuuliza. Na risiti za kodi zihifadhiwe pamoja na hati, si mbalimbali.

Kwa wanaume wenzetu twasema moja: anayeitwa kushuhudia na asome kwanza.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu kaka yetu, awahifadhie mayatima wake paa lao, na atusamehe sisi tuliotia saini bila kusoma. Amin.

Wabillahi tawfiq.